Tiketi ya Kwenda Tu

Mama Mapazia hakuwa amewahi kupanda ndege hata siku moja, lakini mtaa mzima ukitaka habari za ndege ulikwenda kumuuliza yeye. Kinyozi wa jirani aliwahi kuja, taulo begani, kuuliza kama ni kweli maili huoza zikikaa sana. Dada wa duka la rangi naye alikuja kuuliza kama kadi yake ya benki inatoa pointi au inatoa maumivu tu. Mama Mapazia alikuwa akizitoa kwanza pini zilizokuwa mdomoni, akazipanga kwenye kisahani, ndipo ajibu, kwa sababu hakupenda kumjibu mtu nusu nusu.

Elimu hiyo aliipata kwa mteja wake mmoja, muuza mashine za hospitali, mtu wa kuruka leo huku kesho kule. Mtaani walimwita Bwana Begi kwa kuwa hakuonekana bila begi lake la magurudumu. Siku Mama Mapazia alipokwenda kumtundikia mapazia ya chumba cha kulala, alimkuta amepanga kadi mezani kama anayetaka kucheza karata, akamuuliza ni za nini. Mtu mwingine angesema ni mambo ya kazi, yakaishia hapo. Bwana Begi, ambaye teksi yake ilikuwa tayari mlangoni, alikaa juu ya boksi la pete za mapazia akaanza kumweleza. Teksi ilipopiga honi, aliichungulia dirishani akaiambia isubiri. Jambo hilo lilimgusa sana Mama Mapazia. Alisema watu wengi wanajua kitu, lakini ni wachache wanaokubali kuchelewa ili na wewe ukijue.

Alimweleza kwamba ipo kadi ambayo benki inakulipia dukani leo, na wewe unairudishia mwisho wa mwezi. Kila unaponunua, benki inakuwekea pointi. Pointi zikijaa, unaweza kuzihamisha ziwe maili za shirika la ndege, na maili zikitosha unapata kiti, ukabaki kulipa kodi ya uwanja tu. Ila kuna mambo mawili ya kuangalia. Mwisho wa mwezi ulipe yote, usibakize hata chembe, kwa sababu riba ikishaingia inakula tiketi yako na wewe mwenyewe juu yake. Na usihamishe pointi kabla hujakiona kiti kwa macho yako, kwa sababu zikishatoka benki kwenda kwenye shirika la ndege, hazirudi.

"Kama kitambaa," akasema Mama Mapazia. "Sikati mpaka nimepima dirisha."

"Basi mimi nimemaliza," akasema Bwana Begi, akashika begi lake akateremka ngazi mbio.

Mama Mapazia alibaki juu ya ngazi yake akipachika vikulabu, na kichwani mwake alikuwemo mtu mmoja tu. Alikuwa Kitinda, mtoto wao wa mwisho.

Kitinda aliolewa mbali, nchi ambayo ukitaka kufika lazima uruke usiku kucha na mchana wake. Mumewe alikuwa mpishi wa meli. Alikuwa mtu mwema, lakini meli haina habari na mimba ya mtu, ikiondoka imeondoka. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa baba yake akiwa katikati ya maji, na Kitinda alijifungua akiwa ameiweka simu juu ya mto, Mama Mapazia upande wa pili akimwambia pumua, mwanangu, pumua, mpaka simu ikakatika. Ilipokatika, yeye alibaki amekaa kitandani kwake, simu mkononi, bado anasema pumua. Mtoto alizaliwa salama, msichana mwenye sauti ya kuamsha jengo. Lakini Kitinda alipopata mimba ya pili, hakuanza na habari za jina wala za nguo.

"Mama," alisema, "safari hii sitaki kuzaa na simu."

"Hutazaa na simu," Mama Mapazia akamjibu. "Nitakuwepo."

Alipotoa ahadi hiyo hakuwa na nauli. Nauli ya kwenda kwa Kitinda ilikuwa inameza faida ya msimu mzima wa mapazia, tena ilikuwa haijashiba. Alichokuwa nacho ni kadi aliyoichukua benki baada ya somo la Bwana Begi, yenye pointi za kuanzia, na alikuwa na mtaa.

Mtaa wao ulikuwa wa mafundi na maduka madogo, na wote walifuata mali kwenye duka moja la jumla nje ya mji. Kila Ijumaa walikodi pikapu kwa pamoja, na mtu mmoja alilipa kwa niaba ya wote ili wapate bei nafuu. Kazi ya kulipa ilikuwa ya usumbufu, kila mtu akimsukumia mwenzake. Mama Mapazia akajitolea, kwa sharti moja, kwamba pesa ya kila mtu iwe mkononi mwake kabla pikapu haijawashwa. Dukani alilipa kwa kadi, na wakati wa kurudi alimwambia dereva apitie benki, akaziweka zile taslimu zote kabla hajafika nyumbani. Hakuna aliyepata hasara, na pointi zote zilikuja kwake.

Fundi Vioo, mwenye mdomo kuliko wote, alisema mama huyu wanamsafirisha kwa vioo vyao na zawadi hawataiona. Mama Mapazia akamwambia zawadi ataiona, atamletea picha ya mawingu. Watu wakacheka, naye Fundi Vioo akacheka kuliko wao. Lakini ni huyo huyo Fundi Vioo ambaye, alipopata kazi kubwa ya kuweka vioo ghorofa nzima, aliisogeza mbele safari yake ya dukani kwa sababu Mama Mapazia alikuwa na homa. Angeweza kwenda kulipa mwenyewe. Alipoulizwa, alisema vioo havina miguu, vitasubiri, dada apone kwanza.

Mume wa Mama Mapazia aliitwa Kapteni. Hakuwahi kuwa askari wala baharia. Alikuwa dereva wa basi la shule mpaka alipostaafu, na miaka yote hiyo alivaa kofia nyeupe na kuwatangazia watoto vituo kwa sauti ya rubani, akiwaomba samahani kwa mashimo ya barabarani kana kwamba ni upepo mbaya wa angani. Sasa alimsaidia mkewe kubeba mabomba ya mapazia na kutoboa kuta. Habari za pointi hakuziamini mwanzoni. Alisema tangu azaliwe hajaona mtu akipewa kitu cha bure isipokuwa ushauri. Lakini miezi ilivyokwenda na pointi zikipanda, aliingiwa na imani kuliko mkewe. Kila asubuhi alifungua simu kuzitazama, kama mtu anayefunua sufuria kuona wali umefikia wapi. Simu hiyo ilikuwa ya kazi na ilifunguka hata kwa kidole chake, maana mikono ya mkewe ilikuwa imeshika kitambaa muda wote.

Kapteni alikuwa na tabia moja ya udereva ambayo kustaafu hakukuiondoa. Safari kwake hupakiwa mapema. Akiwa na kazi ya asubuhi, mizigo yote inaingia garini jana yake mchana. Hata kama anakwenda kutoboa ukuta nyumba ya tatu, ngazi inafungwa juu ya gari siku moja kabla, na majirani wanauliza kama wanahama. Mkewe aliipenda tabia hiyo. Iliwaokoa na mengi katika ndoa yao, na hakuwahi kufikiri kwamba ingeweza kumpoteza mtu.

Siku moja Mama Mapazia alikwenda kupima madirisha ya zahanati, Kapteni akabaki na simu. Ujumbe ukaingia kutoka benki, kwamba atakayehamisha pointi zake leo ataongezewa nyingine juu, na kesho nafasi hiyo haipo. Kapteni akausoma mara mbili. Aliwaza jinsi mkewe alivyohangaika, akaona kwamba hii ni bahati inayopita mlangoni na yeye ndiye aliyekuwa nyumbani. Simu ikamuuliza anahamishia shirika gani, yakatokea matatu. Akachagua lile lenye picha ya ndege mwekundu mkiani, kwa sababu ndilo lililokuwa likipita juu ya mtaa wao kila alasiri, na alilizoea kama unavyomzoea jirani.

Mama Mapazia aliporudi, alimkuta amesimama mlangoni na kofia yake nyeupe kichwani.

"Nimeshapakia," akasema Kapteni.

"Umepakia nini?"

"Pointi. Zote. Na wametuongezea."

Mama Mapazia akachukua simu akatazama. Shirika la ndege mwekundu halikuwahi kufika mji wa Kitinda. Lile alilokuwa akilifuatilia yeye kwa majuma, akivizia viti viwili, cha kwenda na cha kurudi, lilikuwa jingine kabisa, na benki pointi zilikuwa zimebaki sifuri. Akaiweka simu mezani. Akaenda akakaa kwenye cherehani na kuanza kumalizia pindo aliloliacha asubuhi, na Kapteni akabaki amesimama akiisikiliza cherehani ikienda mpaka mwisho wa kitambaa. Iliponyamaza, mkewe akamweleza yote, polepole, kwa sauti ile ile anayowaelezea wateja kwamba rangi waliyoitaka imekwisha.

Kapteni akakaa kwenye kidato cha chini cha ngazi, akavua kofia.

"Wapigie uwaambie ni mimi niliyekosea," akasema. "Waambie ni mzee."

"Hazirudi, Baba Kitinda."

Alipomwita hivyo, badala ya Kapteni, mumewe alijua jambo limekuwa kubwa.

Tusidanganyane, Mama Mapazia alikasirika. Aliingia jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa visafi, akavipanga, akavipangua. Kisha akaenda chumbani kutafuta kanga ya kufutia macho, na nyuma ya mlango akaona begi jipya la magurudumu. Kapteni alikuwa amelinunua kimyakimya, akalifunga utepe wa kijani mkononi ili mke wake alitambue kati ya mabegi ya watu. Kwenye mfuko wa pembeni alikuwa ametia dawa ya presha ya mkewe, soksi nzito na miwani ya akiba. Mama Mapazia alikaa kitandani akalitazama lile begi. Mtu aliyemfungia mzigo namna hii hakuwa na nia ya kumzuia asiende. Alikuwa amemkosea kwa upendo, na kosa la upendo linauma vile vile, lakini halikai sana moyoni.

Akarudi sebuleni, akamwekea chakula. Kapteni alisema hana njaa.

"Kula," mkewe akamwambia. "Kesho nina kazi na wewe, na sifanyi kazi na mtu anayeona kizunguzungu."

Asubuhi, kabla hawajafungua duka, Kitinda alipiga simu. Daktari amemwambia mtoto huyu ana haraka, huenda asingoje tarehe yake. Mumewe wamemkatalia ruhusa, meli yao iko mbali na nchi kavu. Jirani wa ghorofa ya chini, mama mtaratibu, amekubali kumchukua yule msichana siku hiyo itakapofika. Baada ya kuyasema hayo, Kitinda aliuliza habari za tiketi.

"Inashughulikiwa," akasema Mama Mapazia, kwa uhakika mkubwa hata Kapteni akageuka kumtazama, akidhani labda amekwisha kuipata.

Alipomaliza na mtoto wake alimpigia Bwana Begi, akamkuta kwenye foleni ya uwanja mmoja wa ndege, matangazo yakilia nyuma yake. Bwana Begi alimsikiliza mpaka mwisho. Hakucheka wala hakuuliza nani aliyefanya hivyo. Alisema mashirika ya ndege yana undugu, yamejiunga makundi makundi, na maili za huyu zinaweza kununua kiti katika ndege ya yule. Shirika la ndege mwekundu lina ndugu zake, na mmojawapo anafika kwa Kitinda. Ila viti hivyo vya kindugu havionekani vyote kwenye simu. Lazima azungumze na mtu.

Mama Mapazia akamuuliza, na huyo mtu akikataa?

"Mshukuru, kata, piga tena. Atapokea mwingine," akasema Bwana Begi. "Hawana jicho sawa."

Basi wakakaa mezani, yeye na Kapteni, simu katikati imewekwa sauti ya nje. Kijana wa kwanza alisema hawafiki mji huo, na alipoulizwa kuhusu ndugu zao alisema mama atembelee tovuti. Mama Mapazia akamshukuru, akamtakia kazi njema, akakata, akapiga tena. Wa pili, mwanamke mwenye haraka, alitafuta kidogo akasema mwezi mzima hakuna. Naye akashukuriwa. Kila jibu likija, Kapteni alikuwa anashuka kwenye kiti kama mtu anayezama.

"Huoni aibu kuwarudia?" akamuuliza mkewe.

"Aibu ya nini? Natafuta kiti, siposi mtu."

Wa tatu alikuwa msichana mwenye mafua mazito, kila neno likipita puani. Kabla hajaeleza shida yake, Mama Mapazia alimpa pole na kumuuliza kama amekunywa chochote cha moto. Yule msichana akasema hajanywa, tangu asubuhi hajainuka kwenye kiti, na sauti yake ikashuka mabega, kama sauti inaweza kuwa na mabega. Akauliza amsaidie nini, mama.

Mama Mapazia akaeleza yote: binti, meli, mimba yenye haraka na pointi zilizopanda gari siyo. Hakumtaja Kapteni. Alisema tu, "tulihamisha mapema," na Kapteni akainamisha uso akaanza kukwaruza meza kwa kucha, kwa sababu alilisikia lile "tu" la mwanzo wa neno.

Yule msichana alitafuta muda mrefu. Walisikia vidole vyake vikigonga, mara akipenga kamasi, mara akijisemea mwenyewe majina ya miji. Mwishowe akasema amepata kitu, ila kina vilima. Ndege ya kwanza ni yao wenyewe, mpaka mji mmoja mkubwa. Hapo mama atasubiri sana, sana kweli. Kisha atachukua ndege ya shirika ndugu mpaka kwa binti yake. Kimebaki kiti kimoja, siku ya Alhamisi ijayo. Kurudi hakuna. Viti vya kindugu vya kurudi vimejaa, na hata kama vingekuwepo, maili zitakazobaki ni za kufika nusu ya njia.

"Ni tiketi ya kwenda tu, mama," akasema. "Samahani."

Mama Mapazia akamuuliza kama huko watamzuia kuingia bila tiketi ya kurudi. Yule msichana akaangalia, akasema kwa pasi yake na barua ya binti yake hawaidai. Kisha akafanya kitu ambacho bila shaka hakikuwa kwenye maelekezo ya kazi yake. Alisema hatakata simu. Atakishika kiti, na wao wazungumze kwanza nyumbani.

Mama Mapazia akageuka kumtazama mumewe. Kapteni alikuwa amekaa wima sasa, mikono juu ya magoti.

"Na kurudi?" akauliza.

"Kurudi kwangu ni kazi yako."

"Mimi? Mimi niliyezimwaga?"

"Wewe ndiye utakayebaki na kadi. Ijumaa pikapu ikienda, mlipaji ni wewe. Pesa zao kwanza, kadi baadaye, benki kabla ya nyumbani. Pointi ziache pale pale benki, usiziguse mpaka nikuambie nimekiona kiti."

Kapteni akafikiri. Nje, Fundi Vioo alikuwa akipiga soga na kinyozi, na sauti zao zilipita dirishani.

"Na nikikosea tena?"

"Utakosea kingine," akasema Mama Mapazia. "Hicho umeshakijua."

Kapteni akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyeruhusiwa kurudi ndani. Akaichukua kofia yake mezani, akaivaa, akainamia simu mwenyewe. "Binti," akasema kwa sauti yake ya basi, "mkatie mama tiketi." Na yule msichana mwenye mafua akasema ndiyo, baba, namkatia.

Juma lililofuata Mama Mapazia alishona mapazia ya zahanati yote na kuyatundika. Oda zilizobaki alimpa fundi mwenzake wa mtaa wa pili, mwanamke ambaye aliwahi kumfundisha kazi, naye akazipokea bila kuuliza mgawo. Ijumaa alimpeleka Kapteni dukani, akamsimamisha mbele ya mashine ya kulipia, yeye akarudi nyuma kati ya majora na kujifanya anachagua vitambaa. Kapteni alilipa bila kutetemeka. Benki alisimama kwenye foleni kifua mbele, na Fundi Vioo alimnong'oneza dereva kwamba leo tumebebwa na Waziri wa Fedha.

Alhamisi akaondoka. Ndege ilipoinuka alishika kiti kwa mikono yote miwili, kisha akaona mtu wa pembeni anakula, akaona haiwezekani mtu ale wakati wa kufa, akakiachia. Mji ule mkubwa ulikuwa na uwanja wenye taa nyingi na viti vya chuma. Alikaa hapo muda mrefu mpaka miguu ikavimba. Mwanamke aliyekuwa akipiga deki alimpita mara kadhaa. Safari ya mwisho alirudi na boksi tupu la karatasi, akaliweka chini mbele yake, akamwonyesha kwa ishara aweke miguu juu. Hawakuwa na lugha moja. Mama Mapazia akaweka mkono kifuani, na yule mwanamke akaweka wake, akaendelea na deki.

Akiwa hapo, miguu juu ya boksi, ujumbe wa Kapteni uliingia. Alikuwa ametuma picha ya risiti iliyowekwa juu ya jora la kitambaa cha bluu, na chini yake ameandika: Nimelipa. Nimepita benki. Sijagusa kitu. Mkewe akamjibu kwamba bluu hiyo ni nzuri, na amwambie aliyekunja jora alikunje vizuri zaidi.

Alifika kwa Kitinda Jumamosi, jua likiwa juu. Jirani wa chini, yule mama mtaratibu, ndiye aliyekuja kumpokea, amesimama na karatasi yenye maneno MAMA WA JUU, kwa sababu hakujua jina lake jingine. Ghorofani mlango ulikuwa wazi. Kitinda alikuwa ameegemea fremu yake, mkono mmoja kiunoni, mkubwa kama hema. Alimtazama mama yake akipanda ngazi za mwisho moja moja mpaka alipofika. Walikumbatiana kwa pembeni, kwa kuwa tumbo lilikataa wakumbatiane mbele. Yule msichana mdogo alimchungulia bibi yake kutoka nyuma ya kiti, akauliza kama huyu ndiye wa kwenye simu. Kitinda akamwambia ndiye, na sasa ametoka ndani ya simu.

Mama Mapazia alioga, akala, akamsuka mjukuu nywele. Alimlazimisha Kitinda alale mchana akiwa amenyoosha miguu, na alipolala alikaa ukingoni mwa kitanda akamsikiliza anavyopumua, bila kumwambia afanye hivyo.

Mtoto kweli alikuwa na haraka. Kesho yake asubuhi, chai ikiwa bado kwenye vikombe, Kitinda alisimama ghafla akashika meza, na sakafu ikalowa. Mama Mapazia alizima jiko, akamkabidhi msichana kwa jirani wa chini, ambaye alikuwa amekwisha kufungua mlango kabla hajagongewa, akamteremsha mwanawe ngazi kwa ngazi. Ndani ya gari Kitinda alikuwa anarudia neno moja, bado, bado, na mama yake anamwambia hata kama ni sasa, ni sawa.

Hospitali iliwapokea kwenye ukumbi mweupe wenye mlango wa kusukuma. Muuguzi mrefu mwenye karatasi mkononi aliandika haraka haraka, akasema anaingia mtu mmoja tu na mzazi, ni nani wake? Kitinda alifungua mdomo kujibu, uchungu ukamshika. Mama Mapazia alikuwa amekwisha kuvua koti na anapandisha mikono ya gauni.

"Mimi ni mama yake," akasema. "Nimetoka mbali. Wapi pa kunawa?"

Muuguzi akamtazama, akaacha kuandika. Akamwonyesha sinki, kisha akaleta kiti mwenyewe na kukiweka upande wa kichwa cha kitanda, akakisogeza karibu kidogo tena, mpaka kikagusana na chuma.

Kitinda alipanda kitandani. Uchungu mwingine ukaja, mkubwa kuliko ule wa kwanza, akatafuta kitu cha kushika, akaupata mkono wa mama yake, akaufinya mpaka vidole vikawa vyeupe. Ulipopita, aliona alichokifanya akataka kuuachia.

"Nakuumiza, Mama."

"Finya," akasema Mama Mapazia, akakaa vizuri kwenye kiti chake. "Nimekuja na mikono yote miwili."